Sista Shikamoo na Kijana wa Misokoto

Mtoto aliyempita Mwalimu bila kumwamkia alirudishwa hadi kona ya barabara aanze safari upya. Ndivyo alivyokuwa mama yule miaka yote aliyoongoza shule ya msingi. Kila asubuhi alisimama langoni, sketi yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata kama wembe, akizipokea shikamoo za watoto kama karani wa forodha anavyopokea mizigo: iliyo nzima ipite, iliyovunjika irudi ilikotoka. Alipostaafu, jicho lake halikustaafu. Aliamini kwamba binadamu husomeka kwa mambo mawili tu, ulimi wake akutanapo na mkubwa na vazi lake akutanapo na watu. Mengine yote kwake yalikuwa maelezo.

Basi siku alipoteleza kwenye ngazi za nyumba yake akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali na kutiwa chuma, kilichomuuma karibu sawa na mfupa ule ni kuona dunia ilivyobadilika bila kumwomba ruhusa. Wauguzi hawakuvaa tena magauni meupe na kofia, ila suruali na mashati mapana ya rangi rangi kama watu waliotoka kitandani sasa hivi. Salamu nazo zilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi.

Asubuhi ya kwanza aliyoamka akiwa na akili zake timamu, mtu wa kwanza kumwona alikuwa kijana mrefu, muuguzi, mwenye nywele za misokoto zilizofungwa kisogoni kwa mpira. Sare yake ilikuwa ya zambarau, na viatu vyake vya plastiki vilikuwa na matundu kama chujio.

"Mambo, bibi mrembo!" kijana alisema, akamnyooshea ngumi wagonganishe.

Mwalimu aliitazama ngumi ile kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Kwanza, mimi si bibi yako. Pili, urembo wangu haukuhusu. Tatu, mambo ni wingi wa jambo. Sasa wewe unaniuliza mambo yapi?"

"Basi nipe jambo moja tu, bibi. Umelalaje?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama muuza makaa aliyelazwa kwa ugonjwa wa kifua, alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Mwalimu hakucheka. Aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo hadi kijana alipomaliza kumtandikia shuka na kwenda zake.

Muda si mrefu akaingia muuguzi mwingine, mwanamke wa makamo, na moyo wa Mwalimu ukapoa kama uji uliopulizwa. Huyu alivaa gauni jeupe lenye wanga, kofia imekaa sawasawa juu ya nywele. Alikunja goti kidogo, akaweka mkono kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeamkaje? Maumivu yamepungua? Wa nyumbani hawajambo? Pole sana, Mwalimu wangu. Mungu akuponye."

"Marahaba, mwanangu, marahaba!" Mwalimu aliitika, machozi yakimlengalenga. "Kumbe bado wapo waliolelewa!"

Wagonjwa walikuwa wameshampa mama huyu jina la Sista Shikamoo. Yule kijana walimwita Misokoto.

Matroni wa wodi alipopita kuwajulia hali wagonjwa, Mwalimu alimkamata mkono. Akasema yule kijana hajui kusalimu wala hajui kuvaa, na mtu asiyejua hayo hawezi kujua kuuguza. Asimguse tena. Sista Shikamoo amtosha.

Matroni alishusha pumzi. "Mwalimu, yule bado yuko kwenye majaribio. Tayari wakubwa wamelalamika juu ya nywele zake. Neno lako litamwelemea."

"Limwelemee. Mti hukunjwa ungali mbichi."

Siku hiyohiyo Misokoto akahamishiwa wodi ya wanaume, akakatazwa kuvuka korido kuja upande wa wanawake mpaka kamati itakapoamua kama ataajiriwa au ataonyeshwa mlango.

Bintiye Mwalimu, fundi wa kupaka rangi nyumba, alipokuja kumtazama mama yake na ovaroli lake lenye madoa, alisimuliwa ushindi huo tangu alifu mpaka ye.

"Mama," akauliza, "wewe si uliniambia bibi alikataa kupokea salamu yako mwezi mzima kwa sababu ya raizoni zako za soli nene?"

"Raizoni zilikuwa viatu vya heshima."

"Na suruali ya bugaluu, ile pana miguuni, je?"

"Ile ilikuwa... ujana. Na usibadilishe mada. Hata wewe, kuja hospitali na ovaroli! Watu watasema sikukufunza."

Binti akacheka, akamkanda miguu mama yake mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha.

Mwalimu alianza kuonja matunda ya ushindi wake. Sista Shikamoo alikuja kila asubuhi na salamu zake tamu, akauliza habari za kila mtu mpaka za kuku. Mwalimu akimwomba amgeuze ubavu, aliitika, "Narudi sasa hivi, Mwalimu wangu," na hiyo sasa hivi yake ilikuwa na mkia mrefu. Alikuwa mwepesi wa kusalimu na mzito wa kurudi. Shuka likilowa, linakaukia mwilini. Chakula kinaletwa, kinawekwa mbali na mkono, kinaondolewa kikiwa kimepoa. Ngozi ya kiunoni ikaanza kuwaka moto kama iliyokalia kaa. Mwalimu aliuma meno. Alijiambia kazi ni nyingi, dada wa watu yuko peke yake.

"Hapo pananiuma," siku moja alimwambia muuza makaa, akijaribu kujiinua kwa viwiko. "Wakati nimetoka kupasuliwa pale, nilipokuwa nusu mfu, hapakuniuma hata kidogo. Sista alikuwa ananigeuza vizuri sana."

Muuza makaa alimtazama kwa huruma. "Nani? Sista? Mwalimu wee! Waliokugeuza ni mikono ya yule mtoto uliyemfukuza. Alikuwa anakuja, anakugeuza, anakupaka mafuta mgongoni, anakuimbia polepole usishtuke. Mimi nilidhani unajua."

Mtu aliyezoea kusahihisha wengine hana haraka ya kuchukua kalamu nyekundu dhidi ya nafsi yake. Mwalimu alijisemea kwamba mama yule huenda amechanganya nyuso, kwani mwenyewe mgonjwa. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mchana wa siku iliyofuata, saa ya wageni, pumzi ya muuza makaa ilikata. Haikuwa kikohozi cha kila siku. Alishika kingo za kitanda kwa mikono yote miwili, midomo ikaingia rangi ya majivu, macho yakamtoka pima. Hakuweza hata kuita.

"Sista!" Mwalimu alipaza sauti. "Sista, njoo!"

Sista Shikamoo alikuwa mlangoni mwa wodi. Palikuwa na wageni wawili wazito, jamaa za mkubwa mmoja, naye alikuwa ameshawakunjia goti, anawauliza habari za safari. Aligeuza shingo kwa adabu. "Abee, Mwalimu wangu. Nakuja sasa hivi." Akarudi kwenye salamu zake, akaendelea na habari za watoto.

"Anakufa huyu!"

"Naam, nakuja, Mwalimu."

Mwalimu alivuta shuka, akajaribu kushusha mguu, maumivu yakamrudisha kitandani. Ndipo akapiga ukelele uliowahi kunyamazisha uwanja mzima wa watoto. Ukelele ule ulivuka korido. Misokoto alikuwa anasukuma kitoroli cha mashuka machafu upande wa wanaume. Alikiacha kikibingirika chenyewe, akaja mbio, kiatu kimoja kikamvuka, hakukiokota. Hakusema mambo, hakusema shikamoo, hakumtazama mtu. Aliwapita wale wageni wazito kama upepo, akamkalisha muuza makaa, akamwegemeza kifuani pake, akamvalisha barakoa ya oksijeni, mkono mwingine ukifungua mtungi.

"Vuta, mama. Na mimi nakusaidia. Vuta. Hivyo hivyo. Tena."

Daktari alipofika mbio, rangi ilikuwa imeanza kurudi midomoni mwa muuza makaa. Sista Shikamoo naye alikuwa ameshafika kitandani, kofia yake haikwenda upande hata nukta.

"Tulimwahi, Daktari," alisema kwa upole.

Mwalimu alikuwa amefundisha sarufi maisha yake yote. Aliisikia ile *tu* ikimchoma sikio. Akamtafuta kwa macho aliyestahili kusema *nilimwahi*, akamwona amepiga magoti karibu na mlango, anapapasa chini ya kitanda cha kwanza akitafuta kiatu chake. Kijana alipoinuka, macho yao yakakutana. Mwalimu alitaka kusema neno. Kijana akainamisha kichwa, akaondoka haraka, kwa kuwa alijua hana ruhusa ya kuwa pale.

Kesho yake asubuhi binti alifika na kumkuta mama yake ameketi, miguu inaning'inia, magongo yakiwa mapajani. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alikuwa amembembeleza mara nyingi asimame, naye siku zote alikataa kwa hofu.

"Mama, unafanya nini?"

"Kamati inakaa sasa hivi. Matroni ameniambia. Yule kijana amevuka mpaka aliowekewa, na neno langu liko mezani. Wanamfukuza."

"Basi nitaenda mimi niwaambie."

"Maneno yalikuwa yangu. Na miguu itakuwa yangu. Nishike."

Binti alimtazama kwa mshangao. Mama yake alikuwa amevaa gauni la hospitali, lile la kamba mgongoni, limefifia kwa kufuliwa, fupi kuliko sketi yoyote aliyowahi kuvaa mbele za watu. Nywele zake zilikuwa hazijaona kitana.

"Ngoja basi nikimbie nyumbani nikakuletee nguo. Utapita mbele za watu hivyo?"

"Nikisubiri nguo nitakuta ameshaondoka. Twende."

Korido ile ilikuwa ndefu kama hukumu. Mwalimu alilisogeza gongo, akasogeza mguu, jasho likamtiririka mashavuni. Watu waligeuka kutazama, na baadhi yao aliwafundisha kusoma. Wengine walimwamkia, naye hakuwa na pumzi ya kuitikia. Binti alikuwa nyuma yake, mkono mmoja ukiyashika pamoja mapindo ya gauni lililokuwa likimfunguka mama yake mgongoni. Mara mbili alimwomba wapumzike. Mara mbili Mwalimu alitikisa kichwa.

Aliusukuma mlango wa kamati kwa gongo. Bila hodi. Bila hamjambo. Matroni, daktari na afisa utumishi waliinua vichwa kwa pamoja. Misokoto alikuwa amesimama mbele yao, mikono nyuma, kama mtoto aliyechelewa shule.

"Mimi ndiye niliyesema asiniguse," Mwalimu alisema, akihema. "Nimekuja kulichukua neno langu. Nilimhukumu kwa nywele na kwa salamu. Huyu alikuwa akinigeuza nilipokuwa sijui kama niko duniani, na jana amemrudisha mtu aliyekuwa anakwenda. Kama ni kosa kuvuka korido, basi mimi ndiye niliyeuchora ule mpaka."

Afisa utumishi alikohoa kidogo. "Tunakuheshimu sana, Mwalimu. Lakini ni wewe uliyesema kijana huyu hajui kusalimu. Na yuko mwingine wodini anayejua sana."

"Anajua," Mwalimu alikubali. "Mwenzangu alipokuwa anakata roho, nimeona alichofanya huyo. Alisalimu."

Matroni alivuta kiti, akamkalisha Mwalimu. Daktari akasema kwamba na yeye jana alishangaa jinsi mgonjwa alivyokuwa ameegemezwa vizuri, akadhani ni kazi ya mwenye uzoefu. Hawakuzungumza mengi baada ya hapo. Kijana alirudishwa wodini siku ileile, na majaribio yake yalipokwisha akapewa kazi, kwa sharti moja tu: misokoto ifungwe kwa kitambaa safi. Sista Shikamoo akapelekwa mapokezi. Huko salamu ndiyo kazi yenyewe, na hadi leo wanaoingia hospitali ile husema hawajawahi kupokewa vizuri namna hiyo popote.

Siku ya kwanza kijana aliporudi kumgeuza ubavu, alisimama wima mbali na kitanda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ile nyingine ya bibi mrembo, nani alikufundisha?"

Kijana alisogea na chupa ya mafuta. "Bibi yangu alinilea. Alipooza, akalala miaka mingi, mimi ndiye niliyekuwa namuogesha. Alichukia watu wakimwingilia na nyuso za msiba. Akaniambia, wewe ukiingia humu niite mrembo, nisahau kidogo kwamba nimekwisha."

Mwalimu alijigeuza kidogo, mikono ile impake mafuta pale palipowaka moto.

"Mimi shikamoo siiachi," mwishowe alisema. "Nitaidai mpaka siku ya kufa, na wewe utaitoa. Lakini nilikuwa naipima kwa kipimo kibaya. Nilidhani heshima inaishia mdomoni."

"Sawa, Mwalimu."

"Na hivyo viatu bado ni vibaya."

"Najua, Mwalimu," kijana alisema, na muuza makaa akacheka kwa mapafu yaliyokuwa yamekubali tena kucheka.

Mwalimu alitoka hospitalini akitembea kwa magongo yake, binti yake pembeni na ovaroli lake la madoa. Tangu hapo kijana yeyote akimpita mtaani na "mambo" zake, Mwalimu humsahihisha kama kawaida, ila hasemi tena kwamba huyu hakulelewa. Hungoja kwanza aone mikono yake inafanya nini. Nguo hubadilika na salamu hubadilika, kila zama na zake, lakini kipimo cha utu ni kilekile tangu enzi za wahenga waliosema: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.