Mfua Nazi na Ahadi Mbili za Sultani

Hapo zamani, Mtondoo ulipokuwa mji wa kuringiwa, alitawala Sultani Mwinyikae, mtu mkali barazani na mwoga moyoni. Kwa kumwogopa Sultani wa Pambani, jirani yake wa kaskazini, akaapa naye: "Adui yako ni adui yangu." Kisha, kwa woga uleule, akaapa maneno yayo hayo na hasimu wa Pambani, Sultani wa Kiwandeo huko kusini. Basi akalala usingizi mnono.

Ikawa jogoo wa Pambani akapotea, akaja kuonekana Kiwandeo, ndani ya mchuzi. Falme hizo mbili, ambazo zikiwa peke yake zisingethubutu hata kurushiana kokoto, zikatangaza vita, maana kila moja ilijua ina Mtondoo nyuma yake. Wajumbe wa pande zote mbili wakafika siku moja kudai jeshi. Mikataba iliposomwa barazani, Mshamu mfua nazi, fukara aliyekuja kuleta madafu, alicheka hata akaanguka.

"Umecheka," akasema Sultani. "Basi wewe utazitimiza ahadi zangu zote mbili, pasipo kupunguza neno. Ikifika Ijumaa hujaweza, kichwa chako nitakifua mwenyewe."

Mshamu aliogopa. Lakini alikuwa amezoea kupasua vitu nusu kwa nusu. Akatwaa chokaa, akapiga mstari katikati ya jumba la Sultani. Nusu ya askari wakawa wa Pambani, nusu wa Kiwandeo, na chochote cha adui kisivuke. Jiko lilikuwa kaskazini, mkeka wa kulia chakula kusini, basi wali ukatekwa mlangoni. Kiatu kimoja cha Sultani kikashikwa mateka. Mkewe naye alibaki ng'ambo, wala hakulalamika.

Ijumaa Sultani akaja akichechemea kwa njaa na kwa kiatu kimoja, akauliza yeye yuko upande gani.

"Huna upande, maulana," akajibu Mshamu. "Rafiki wa Kiwandeo ni adui wa Pambani, nawe ndiye. Rafiki wa Pambani ni adui wa Kiwandeo, nawe ndiye. Askari wako wamepatana kwa hilo tu, nao wanangoja amri yako wakukamate."

Sultani akawatazama askari, nao wakatazama chini. Aliona haya, kisha akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Akawaita wajumbe, akawaambia Mtondoo uko vitani na Mtondoo, hauna askari wa kuazima. Wafalme wale wawili waliposikia hayo, wakakumbuka kuwa jogoo mwenyewe alikuwa mzee.

Sultani akaufuta mstari kwa mkono wake, akamketisha Mshamu mkekani pake. Wali ukavuka, juu yake jogoo wa kukaanga. Mshamu, kabla ya kumega tonge, akauliza kwa adabu jogoo huyo ametoka mji gani.