Dakika Tatu za Damasi

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni masika haya ya juzijuzi, palikuwa na nyumba ya bati huko Mgeta, kwenye milima ya Uluguru. Humo alikaa Bi Konsolata, mama mtu mzima aliyevimba miguu, pamoja na mkwe wake Leokadia. Mume wa Leokadia, Damasi, alikuwa nje ya nchi akitibiwa moyo. Ng'ambo ya shamba la kabichi alikaa Hilari, kaka yake Damasi. Ndugu hao wawili walikuwa hawajasalimiana kwa miaka minne, kisa mpaka wa shamba.

Ikaja habari kutoka kwa Damasi: "Jumatano asubuhi wananipasua. Kabla hawajanipasua, nataka kuziona nyuso zenu."

Pale nyumbani simu haikushika. Aliyetaka mtandao alipanda mlima nusu saa, na Bi Konsolata miguu haikumfikisha hata uani bila kushikwa mkono.

Leokadia akasema, "Mama, nitaenda mjini nilete modemu. Mtandao utaingia humuhumu ndani."

Akashuka. Akatembea, akadandia lori la kabichi, akafika Morogoro, akanunua modemu na antena yake, akarudi. Wakachomeka kwenye umeme. Taa ikawaka nyekundu. Laini ilikuwa haijasajiliwa.

Akashuka tena. Dukani wakamwambia, weka kidole. Akaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Vidole vyake vilikuwa vimelika kwa jembe, mistari imefutika. Akanawa, akapaka mafuta, akaketi pembeni wengine wakihudumiwa, akarudi, akaweka tena. Alianza asubuhi, mashine ilikuja kukubali alasiri, kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Alipofika nyumbani visigino vilikuwa vimechubuka. Akaketi kizingitini na khanga yake imelowa, hana hata nguvu ya kuivua. Bi Konsolata akaichukua laini mwenyewe, akaitia kwenye modemu.

Taa ikawaka nyekundu.

Jumanne Hilari akavuka shamba bila kuitwa. Aliwahi kufunga madishi ya televisheni huko mjini, kazi ile aliijua. Akaizungusha antena huku, akaizungusha kule, kisha akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, mnara uko kilima cha pili. Mti wa peasi umeukinga."

Mti ule aliupanda marehemu mumewe mwaka aliozaliwa Damasi. Peasi zake ndizo zilizomletea Bi Konsolata chumvi na sabuni, na tangu miguu imshinde, alishinda chini yake akitazama wapita njia. Hakuwa na kitu kingine cha kwake.

Akautazama mti kupitia mlangoni. Kisha akasema, "Ukate."

"Mama, una hakika?"

"Hilari, usiniulize mara ya pili."

Hilari akaukata. Mama aligeukia ukutani mpaka akasikia kishindo.

Taa ikawaka kijani. Wakashangilia kidogo tu, maana walikuwa wamechoka.

Jumatano kulipokucha, taa ilikuwa nyekundu. Upepo umekuja na mvua, mlingoti wa antena umevunjika. Hilari akapanda juu ya bati, mvua inanyesha, akaiinua antena kwa mikono yake miwili akaielekeza kwenye mnara.

"Shemeji, imeshika?"

"Imeshika, shemeji. Usitikisike!"

Akakaa hivyo tangu saa moja. Akijikuna, taa nyekundu. Akikohoa, taa nyekundu. Akatulia kama aliyepigwa misumari. Ndani, Leokadia akaigeuza modemu, akasoma neno la siri kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, herufi moja moja, akaliandika kwenye simu yake. Wakangoja. Saa tatu na nusu simu ikaita.

Uso wa Damasi ukatokea, umekonda, macho yameingia ndani.

"Mnanisikia? Muuguzi yupo hapa, anaitaka simu. Amenipa dakika tatu. Mtandao wenu unakatakata, mkiongea wote siambulii kitu. Nipeni mtu mmoja."

Hakuna aliyepiga kelele. Nani angekuwa na nguvu hiyo?

Leokadia akasema, "Mama, niache mimi. Mlima nimeushuka mara mbili, vidole nimevisugua mpaka vikauma. Huyu ni mume wangu. Tangu aondoke sijalala usingizi ukakamilika."

Bi Konsolata akasema, "Najua, mwanangu. Nimekuona. Lakini wewe una miguu, kesho utapanda mlima utampigia. Mimi nina nini? Nilikuwa na mti, nimeutoa. Nataka nimwombee akiwa ananitazama."

"Na kama hakuna kesho, mama?"

Bi Konsolata akainyooshea simu mkono.

Sauti ya Hilari ikapenya kwenye bati. "Shemeji! Panda unishikie antena! Nyie hamna ugomvi naye. Mimi nilimwambia maneno mabaya mbele ya jeneza la baba, watu wote wakisikia. Akiingia huko sijamwomba msamaha, nitaishi nayo vipi? Mikono imekufa ganzi, lakini siiachii. Nasubiri mseme."

Damasi aliyasikia yote. Leokadia akamuuliza, "Unamtaka nani, baba?"

Damasi akafumba macho. "Amueni wenyewe," akasema. "Mimi kuchagua siwezi tena."

Dakika moja ikawa imekwisha.

Basi watazameni. Leokadia ameishika simu. Bi Konsolata bado amenyoosha mkono. Juu yao Hilari anasikiliza mvua, hajui kama atashuka. Kule mbali muuguzi amekwisha kusogea kitandani.

Jamani mnaonisikiliza, zimebaki dakika mbili. Je, kati ya hawa watatu, nani apewe simu?