Pole na Kazi, Fundi

Wapendwa, kabla hatujaingia kwenye Neno, leo tuanzie kwenye baiskeli. Naona wazee wanatazamana. Tulieni, tutafika.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akiishi na mama yake mzee. Macho ya yule mama yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa anaona mwanga wa mlangoni tu, na mjukuu akimjia anampapasa uso ndipo amjue. Basi ikatangazwa kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali ya wilaya, Alhamisi moja, mwisho wa kujiandikisha saa sita mchana. Wakishaondoka, ni mpaka mwaka mwingine.

Kutoka kwao hadi hospitali ni kilomita ishirini na mbili. Mvua ilikuwa imebeba daraja la kutokea kijijini, yamebaki magogo mawili, pikipiki haipiti, na ng'ambo hakuna za kukodi. Lakini baiskeli mtu anaisukuma juu ya magogo, abiria anashikwa mkono, safari inaendelea. Kwa hiyo yule bwana hakuwa na wasiwasi. Alifunga mto kwenye keria ya baiskeli yake, akamwambia mama, "Kesho kutwa utaniona nilivyozeeka."

Jumatano asubuhi baiskeli ikaanza kulia. Ka, ka, ka, kila mguu wa kulia ukikanyaga. Ukishika pedeli ukaitikisa, pale chini inapopita ekseli katikati ya fremu panacheza. Akaikokota mpaka kwa fundi.

Na yule fundi hakuwa babaishaji, msije mkamwonea. Alikuwa mtu mzima, kazi yake inajulikana, na kijiwe chake hakikosi watu. Aliipindua baiskeli magurudumu juu, akakagua pedeli, akakagua cheni, akatoa mikono ya pedeli, kisha akafungua kikombe cha chuma cha upande wa kushoto, ambamo gololi hukaa. Zikamwagika kwenye kifuniko cha kopo, nyingine zimebaki vipande.

"Ugonjwa huu hapa," akasema. "Gololi zimesagika, zimekula mpaka kikombe cha kulia. Lazima kitoke, nikuwekee kingine."

Sasa hapo nisikilizeni vizuri. Kikombe cha kushoto kinafunguka kama kizibo cha chupa, unazungusha kwenda kushoto. Cha kulia hesi zake, ile mikato ya kuzungushia, zimekatwa kinyume. Ukizungusha kushoto, unakaza. Waliounda baiskeli walifanya hivyo makusudi, maana kwa jinsi mtu anavyokanyaga, kikombe cha upande ule kingekuwa kinajifungua chenyewe njiani. Fundi hakulijua hilo, na si ajabu. Mafundi wengi hufungua cha kushoto, wakapaka grisi, wakaweka gololi mpya, wakafunga. Cha kulia hakiguswi miaka nenda rudi.

Fundi akatia spana, akavuta kwenda kushoto. Kikombe kimya.

Yule bwana alikuwa amesimama pembeni. Na yeye alikuwa anajua. Ujana wake aliwahi kufanya kibarua duka la baiskeli mjini, na kile kikombe alikifungua kwa mikono yake si mara moja. Akatazama watu walivyojaa pale kijiweni. Akamtazama fundi, jasho linamtiririka.

"Fundi," akasema, "huo upande..."

Fundi akainua kichwa. "Eeh? Unasemaje?"

"Nasema pole na kazi."

"Asante. Kimeshika kutu hiki, lakini leo kitanitambua."

Akaleta kipande cha bomba, akakivika kwenye mpini wa spana ili apate nguvu. Akavuta kwenda kushoto. Spana ikateleza, ikamchuna vidole. Watu wakasema, "Ah, pole fundi!" Na yule bwana akasema pamoja nao. Ikaja patasi na nyundo. Kushoto, kushoto, kushoto. Yule bwana kila nyundo ikishuka anafumba macho. Anajiambia, labda hiki kimekatwa tofauti. Anajiambia, mimi ni nani nimfundishe mtu mzima kazi yake mbele za watu? Jua likaanza kuelekea magharibi. Nyundo ikapiga mara moja ya mwisho, na fremu ikapasuka pale chini, kwenye maungio.

Baiskeli nyingine mbili za pale kijijini zilikuwa zimekwenda mnadani. Alhamisi mama akatembea. Alijikongoja na magoti yake mabovu, mkono begani kwa mwanawe, na walipofika ilikuwa saa tisa. Madaktari walishapakia vifaa vyao, wameondoka. Mlinzi akawapa benchi wapumzike.

Pale kwenye benchi mama akauliza, "Hivi ile baiskeli imevunjikaje?"

Mwanawe akaropoka kwa hasira, "Si yule fundi! Amenitia hasara. Alikuwa anazungusha upande siyo tangu asubuhi."

Mama akamgeukia. "Wewe umejuaje kama ni upande siyo?"

Mwanawe akaanza kumpangusa matope miguuni.

"Nakuuliza, baba. Umejuaje?"

"Nilijifunza mjini, mama. Kabla sijaoa."

"Na jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa palepale."

"Ukamwambia nini?"

Yule bwana akainamisha kichwa, akalia. "Nilimpa pole na kazi."

Wapendwa, mlivyokuwa mnatikisa vichwa kumhukumu fundi, nimewaona. Lakini fundi hakujua, na mtu asiyejua unamwambia, basi. Mimi namuulizia huyu aliyejua. Nani kamzuia mama kuona? Je, aliyeshika nyundo, au aliyesimama pembeni na adabu zake?

Na sisi je? Jirani yako anamchapa mwanawe kila siku ili apende shule, wewe unaona mtoto anavyozidi kuikimbia, unapita na jembe lako: habari za hapa, nzuri. Shoga yako anamnunia mumewe ili arudi nyumbani mapema, mume anazidi kuchelewa, nawe unakunywa chai yake, unasema mambo ya ndoa hayaingiliwi. Tunaiita heshima. Uoga huo, jamani, tusidanganyane! Tunaogopa kuulizwa, "Eeh? Unasemaje?"

Nami sijitoi. Miaka kumi na moja nipo kwenye mimbari hii. Vijana wametoka mmoja mmoja, nami nimekuwa nikikemea zaidi ili warudi. Nakemea, wanapungua. Naongeza bomba kwenye spana. Na humu ndani wapo wanaojua kwa nini watoto wao hawaji, wanajua tangu zamani, na kila Jumapili wananishika mkono pale mlangoni: "Pole na kazi, mchungaji."

Ibada ikiisha leo nitasimama palepale mlangoni. Mkono nitautoa kama kawaida. Pole msinipe.