Safu ya Nyuma ya Fumo Shikeli

Zama za mababu wa mababu zetu, Mwambakuu ulipokuwa pori la mikoko na Waislamu wake kaya arubaini zisizo na msikiti, aliishi Fumo Shikeli bin Athmani bin Kombo, mvunja matumbawe, mbeba kizingiti, mtu aliyeinua peke yake jiwe la mlango wa msikiti wa kwanza ambalo wanaume saba walishindwa kulitikisa, akaliweka juu, akafuta jasho, akaingia kuwasalisha watu wake rakaa za kwanza zilizopata kusaliwa katika ardhi ile. Akawaongoza miaka thelathini. Maadui aliwafukuza, wagomvi aliwapatanisha, na hakuna aliyeuliza nani atamfuatia, kwa kuwa hakuna aliyedhani kuwa mlima ule nao utaanguka.

Kisha akashikwa na tumbo la kuhara damu, na mlima ukalala mkekani, katika chumba kilichopakana na ukuta wa msikiti, ukinuka.

Tuseme kweli, ingawa ni wazee wetu wenyewe. Mwinyi Hatibu, mpwa wake, alikuja kila asubuhi, akasimama mlangoni na ncha ya kilemba puani, akamwuliza mjomba wake atamwachia nani siwa, lile baragumu la enzi. Shee Badawi, mkwewe, alikuja kila alasiri, naye hakuvuka mlango, akauliza hilo hilo, na kabla hajafika mbali akatema mate. Fumo alimsikia akitema. Aliyeingia ndani ni mmoja tu, Sadi, mwosha maiti wa mji, aliyebadilisha mkeka na kumsafisha mgonjwa kwa maji ya vuguvugu bila kuuliza neno.

"Sadi, huoni kinyaa?" Fumo alimwuliza siku moja.

"Nakiona sana, bwana wangu. Geukia ubavu huu."

Jibu lile likamchoma. Maana miaka ishirini nyuma, wakubwa wa mji waliponung'unika kuwa Sadi ananuka kafuri na maiti, ni yeye Fumo, kwa kinywa chake, aliyemwamuru asali safu ya nyuma kabisa, kando ya birika la kutawadhia. Akajua kuwa uozo ule haukuanza na mpwa wala mkwe.

Adhuhuri ya siku ya tisa akasikia kupitia ukutani ikama mbili, miito ya kusimama kusali, zikikimiwa kwa pamoja. Hatibu na Badawi walikuwa wamesimama mihrabuni, mahali pa imamu, bega kwa bega, wakisukumana kama mbuzi kwenye hori, na wafuasi wao nyuma wakitukanana mbele ya kibla.

"Ondoka hapo, uliyeoa ili urithi!"

"Ondoka wewe, uliyezaliwa kungojea mjomba afe."

Fumo akajiinua mkekani. Akajifunga shuka safi, akajikokota ukutani hadi birikani, akatawadha, akaingia. Watu wakaziba pua na kumpisha, njia ikawa wazi mpaka mihrabuni. Hakuishika. Akasimama safu ya nyuma, bega lake kwenye bega la Sadi, akatoa sauti ile iliyowahi kuvunja majeshi.

"Nyinyi mnaotamani enzi yangu na kumkimbia mwenyewe, mmenichafua kuliko maradhi haya. Na kosa la kwanza ni langu, mimi ndiye niliyemweka mtu huyu hapa. Sadi, nisamehe. Nenda mbele. Aliyeweza kunishika nilivyo ndiye atakayeweza kuwashika hawa walivyo."

Sadi akaenda mbele, akawasalisha. Hatibu akatoka na watu wake, wala hawakurudi. Badawi akabaki, akasali amekunja uso. Na katika sijida ya mwisho, watu wote walipoinua vichwa, Fumo Shikeli hakuinua chake.

Sadi akamwosha, akamsalia, akamzika kabla ya magharibi, na siwa ikapulizwa kwa ajili ya Sadi, kiongozi mpya.

Tangu hapo Mwambakuu hakuna avishwaye kilemba cha uongozi ila aliyemwosha kwa mikono yake kiongozi aliyemtangulia, katika chumba kile kile, na ile safu ya birikani huitwa safu ya Fumo. Tunaisifu sana desturi hiyo, mpaka kwa wageni. Lakini kila kiongozi anapofariki, maji yanapotengwa na mlango kuachwa wazi, wengi wetu hukumbuka ghafla kwamba tuna shughuli shambani, sisi wasimulizi tukiwa wa kwanza kuondoka. Mungu atusamehe.