Saa ya Sanduku la Mtoto

“Saa yako nusura impike mtoto,” alisema Ambakisye.

“Na yako, kaka, ingemkuta ameshaganda,” alijibu Tupokigwe. “Usiku ule ulikuwa wapi?”

Hapo zamani, katika zahanati moja ya milimani, ndugu hao wawili, mafundi redio, waligombana hivyo kando ya kitanda cha dada yao Sekela. Sekela hakuwatazama. Alitazama kifua cha bintiye, aliyezaliwa kabla ya miezi yake, akiogopa kisije kikatulia.

Mtoto alilazwa ndani ya sanduku la kioo lenye taa ya kumpasha joto. Taa ikizima muda mrefu mno, baridi ingemuua. Ikiwaka mno, joto lingemuua. Ilitakiwa saa ya kuiwasha na kuizima.

Tupokigwe aliiunda jioni ileile kwa kapasita na rezista, vidude vya umeme alivyovitoa kwenye redio mbovu. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Mtoto akapumua.

“Kapasita hubadilika ikipata joto,” alisema Ambakisye. “Hapa inatakiwa fuwele, kile kidude cha ndani ya saa ya ukutani. Hicho hakiyumbi.” Akashuka mjini kuitafuta.

Usiku Bibi yao aliona baridi imezidi, akalifunika sanduku blanketi, pamoja na saa yenyewe. Kapasita ikapata joto, ikaanza kuchelewa. Taa ikawaka, ikazidi kuwaka. Sekela alikuwa amesinzia. Bibi ndiye aliyegusa kioo, akachomoa waya, kisha akakesha akiuchomeka na kuuchomoa kwa mkono, akifuata pumzi za mtoto. Asubuhi Ambakisye akaleta fuwele, akaunda saa yake, na tangu hapo taa haikukosea.

Kwa desturi ya ukoo wao, aliyemwokoa mtoto ndiye humpa jina. Ndiye hulala naye mpaka apate nguvu, na neno lake juu ya mtoto halipingwi.

“Bila mimi asingeuona usiku,” alisema Tupokigwe. “Na fuwele ikivunjika, kaka, utashuka tena mjini?”

“Bila mimi mngekuwa bado mnabahatisha.”

“Blanketi nililiweka mimi,” alisema Bibi. “Lakini nilikuwa macho. Saa zenu, wajukuu zangu, zina mkono wa kumgusa?”

Kuchagua kulikuwa kwa Sekela. Angetaja mtu mmoja tu, na akikosea, hakuna wa kumrudishia mtoto.

Nesi akasimama mlangoni.

“Sekela, jua linazama na baridi inaingia. Mmoja abaki nawe, wengine watoke. Je, nani anastahili?”