Unga wa Fulani

Palikuwa na sultani, tumbo lake likitangulia mlangoni asubuhi, mwenyewe anafika adhuhuri. Sultani huyu alikitamani kiwanja cha Bi Mize, mjane mpika mikate, afugie punda wake. Na Bi Mize hakuwa na kingine duniani ila kiwanja hicho, tanuri lake na ulimi. Ulimi wenyewe, jamani, ulinyoa bila maji, na bila wembe pia.

Akaitwa barazani.

"Kesho nina wageni," akasema Sultani. "Utawaokea mikate. Usipungue hata mmoja, usizidi hata mmoja. Ukikosea, punda wangu wanahamia kwako."

"Wageni wangapi, Maulana?"

"Sikwambii."

Moyo wa Bi Mize ulitwanga kama kinu cha harusi, lakini uso aliukaza. "Haya. Hiyo idadi uliyoificha naiita Fulani. Mgeni mmoja anakula mikate mingapi?"

"Mitatu."

"Na wewe?"

"Minne."

"Basi ni mitatu mara Fulani, ongeza minne yako. Mkate mmoja, kibaba kimoja cha unga. Ghala ni lako, Maulana. Nipimie."

"Nikupimie vibaba vingapi?"

"Si nimeshasema? Vitatu mara Fulani, kisha vinne."

"Huo si unga, mama, ni kitendawili."

"Kwangu mimi. Wewe Fulani unamjua. Mweke mahali pake, zidisha, ongeza, basi. Au tukuitie mtu akusaidie?"

Baraza zima likakohoa. Sultani asaidiwe hesabu? Akainuka mwenyewe, akaenda ghalani. Huko ndiko alikocheka mpaka panya wakahama nchi: wageni wake walikuwa kumi, yeye akapima unga wa tisa.

Kesho yake Bi Mize akauoka wote, haukubaki hata wa kupaka puani. Harufu ilivuka milima saba. Ng'ambo huko watu wakala ugali mkavu kwa harufu tu, wakashiba.

Wageni wakaketi mkekani. Mitatu huku, mitatu kule, minne kwa Sultani. Kufika kwa mgeni wa mwisho, liwali mwenye sharubu kama pembe za nyati, sahani tupu.

"Imepungua," akasema Sultani, anatabasamu. "Kafungashe."

"Taratibu, Maulana. Ulinipimia vibaba thelathini na kimoja, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na hapa mikate thelathini na mmoja."

"Ipo."

"Toa minne yako, ishirini na saba. Igawe mitatu mitatu, inatosha watu tisa. Kumbe Fulani ni tisa, kwa kipimo cha mkono wako mwenyewe. Lakini mimi naona wageni kumi." Bi Mize akawatazama mmoja mmoja. "Sasa waambie, Maulana. Ni yupi hapa hukumhesabu kuwa mgeni wako?"

Sharubu za liwali zikasimama. Sultani akatoka jasho la kujaza mitungi ya mji mzima.

"Wote wageni wangu," akasema. "Mimi ndiye... leo tumbo haliko sawa. Nitakula mmoja tu." Akaisukuma mikate mitatu kwa liwali.

"Kwa hiyo haikupungua?"

"Haikupungua."

"Na kiwanja?"

"Chako, mama. Nenda."

Bi Mize akajifunga kanga yake, akafika mlangoni, akageuka.

"Ila huo mmoja umalize, Maulana. Niliambiwa usizidi."