Chumba cha Kusubiri Mtoto

Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Mtu akiuona msala wa mwenziwe ukipita njiani, akautupa mbacha wake wa siku zote kwa tamaa, usiku atalala chini. Wahenga waliliona hilo wakatuonya, lakini kila kizazi huwa na watu wake wa kutaka kujaribu. Kisiwani Rihifushi, kusini mwa Maldivi, nusura zamu hiyo imwangukie Rugiyya.

Rugiyya alikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Huvandhumaage, yaani nyumba ya yasmini. Haikuwa na kibao mlangoni, wala haikukihitaji. Ilikuwa na vyumba vitano, kuta nene za mawe ya matumbawe, kisima uani, na kitanda cha bembea kivulini. Rihifushi ndiko iliko hospitali ya visiwa vyote vya jirani. Mwanamke wa kisiwa kidogo, mimba ikishakuwa nzito, hupanda boti pamoja na mama yake akaja kusubiri karibu na daktari. Nahodha huwateremsha gatini, akanyoosha kidole tu, nao wakafika. Rugiyya aliirithi nyumba na kazi hiyo kwa mama yake, na alijivunia hilo waziwazi.

"Mimi nina wajukuu kila kisiwa," alipenda kutamba, "na sijamzaa hata mama mmoja wa hao!"

Siku moja akaja Naail, kijana wa Malé, mji mkuu, wakala wa watalii wapiga mbizi. Miwani ya jua ilikuwa usoni hata ndani ya nyumba. Alipiga kuta kwa kiganja, akachungulia kisima, akatabasamu.

"Dada, nyumba hii ni lulu," alisema. "Nachukua vyumba vyote, msimu mzima wa kiangazi. Ila wageni wangu wanataka utulivu. Wajawazito na vilio vya vichanga, hapana. Na huo urojo wa samaki mnaouchemsha kutwa, dada yangu, harufu yake hapana kabisa."

"Na mvua zikianza?" Rugiyya aliuliza. "Hao wageni wako watakuwa wapi?"

"Hayo tutayaona, dada."

Jibu hilo lilimkwama Rugiyya kooni kama mwiba wa samaki. Mumewe, Zahir, yeye alilimeza zima zima.

"Mke wangu, nyota ya jaha imetuwakia, nawe unatafuta mwavuli!" alilalama usiku na mchana. "Tutaosha mashuka ya wazazi mpaka lini? Mtazame Maniku hapo ng'ambo ya njia. Ana ghorofa tatu za kupangisha, na watu wanampigia saluti!"

Maji yakimwagika kila siku, jiwe hulainika. Rugiyya alikubali Naail arudi kuvikagua vyumba. Hapo Zahir akapata miguu ya swala. Alikishusha kitanda cha bembea, akakisukumia stoo, akapanga uani viti vya plastiki vya kuotea jua. Mbele ya viti vile Rugiyya alijiona mgeni nyumbani kwake mwenyewe, na roho ilimuuma.

Naail alirudi mchana, siku ya boti. Hajamaliza chumba cha pili, lango lilisukumwa. Aliingia Bi Dhaleyka, mwanamke wa makamo, amebeba kopo la urojo wa samaki. Nyuma yake alikuja binti yake Sanfa, tumbo mbele, mkono kiunoni, jasho likimtiririka.

"Assalaam aleikum! Rugiyya, tumekuja. Huyu kashanichosha, kila akikohoa nadhani ndiyo tayari."

Zahir aliruka mbele yao. "Samahani sana, mama. Vyumba vimejaa."

Bi Dhaleyka alitazama milango mitano iliyokuwa wazi, mapazia yakipepea. "Vimejaa nini, baba? Upepo?"

"Ndio hao niliowasema," Naail alinong'ona kwa sauti ya kusikika. "Dada, wageni wangu hawatalala na hawa. Amua sasa hivi. Ama hao, ama mimi."

Bi Dhaleyka alimpa Naail mgongo. Alimgeukia Rugiyya, na uchokozi wote ulimtoka sautini. "Mwanangu, chumba kile cha kisimani, mimi ndimo nilimomsubiria huyu Sanfa. Mama yako alinikanda mgongo mpaka alfajiri. Kama leo hamna nafasi, niambie wewe kwa kinywa chako."

Rugiyya alilipokea lile kopo kutoka mikononi mwake. Alimshika Sanfa mkono, akampeleka taratibu mpaka chumba cha kisimani, akamfungulia dirisha. Ndipo aliporudi uani, kichwa juu.

"Kaka Naail, kiangazi chako kina mwisho," alisema. "Wanawake wa visiwa hivi hawaachi kuzaa kwa sababu mvua inanyesha. Nyumba hii imejengwa kwa ajili yao. Wewe utakaribishwa siku utakayokuja na mkeo mjamzito."

Naail alivuka njia, akaingia kwa Maniku. Maniku aliwatoa walimu wa shule waliopanga kwake miaka yote, akawapa wapiga mbizi ghorofa zote. Kiangazi kizima kulikuwa na vicheko huko juu, na Zahir alivisikiliza amenuna, hamsemeshi mkewe ila kwa kuomba chumvi. Majirani nao walisema Rugiyya ana kichwa kigumu kuliko matumbawe ya kuta zake.

Kisha mvua zikashuka. Wapiga mbizi wakafungasha. Naail akahamia visiwa vya kaskazini, na simu ya Maniku akaacha kuipokea. Walimu walikwishapata makao kwingine, nao hawakutaka hata kusikia habari ya kurudi. Ghorofa tatu zikabaki na mijusi.

Huvandhumaage ilifurika. Kila boti ilileta tumbo jipya, na wengi walisema wametumwa na Sanfa, ambaye alizaa salama na kusimulia kila gati aliyopita. Asubuhi moja ya mvua Maniku alisimama langoni, mwavuli mkononi, sauti chini.

"Dada Rugiyya, naona mmezidiwa. Nisukumie hata wawili. Kwangu kuna vyumba vikubwa, na kiyoyozi."

Rugiyya hakumficha neno. Aliwageukia wanawake waliojaa barazani. "Mmesikia? Anayetaka kuvuka, avuke kwa amani. Sitanuna."

Walitazamana. Mmoja akavuta mkeka, akamsogezea mwenziwe. "Tutabanana hapa hapa," alisema, na baraza zima likacheka.

Zahir alikuwa kisimani akifua mashuka. Aliinua kichwa, povu mpaka viwikoni, akaita kwa kiburi ambacho hakuwa nacho kiangazi kizima: "Pole, Bwana Maniku! Wageni wa mke wangu hawahamishiki!"

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Rugiyya wa Huvandhumaage hakuuacha.